Klabu ya Nairobi, Hoja za Bondo: Mashabiki wa Gor Mahia, Wanahabari na Usajili wa Wachezaji tangu 1968

Klabu ya Gor Mahia, ambayo wafuasi wake huiita K'Ogalo na pia Sirkal, ilianzishwa tarehe 17 Februari 1968, ikafanya Nairobi kuwa makao yake na kucheza nyingi ya mechi zake za nyumbani katika viwanja vya jiji hilo, ilhali sehemu kubwa ya watu wanaoihesabu kuwa mali yao wameishi siku zote kando ya Ziwa Victoria. Kwa mkazi wa Bondo, mji wa Kaunti ya Siaya ulio kwenye barabara iendayo fuo za Usenge, takriban kilomita 400 kutoka Nairobi, umbali huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa kwa miaka mingi hakuiona timu yake ila kwa nadra, na karibu kila alichokijua kuhusu uongozi wake, hesabu zake na wachezaji walioingia au kuondoka alikipata kwa mtangazaji wa redio au kwa mwandishi wa gazeti. Kwa sababu hiyo, ushabiki wa soka katika sehemu hii ya Nyanza ulikua sambamba na tabia ya kubishana na wanahabari, na haiwezekani kueleza mmoja bila kueleza mwingine. Watu wa nje wameyaona mabishano hayo kuwa ukaidi wa mashabiki wasiotaka timu yao ikosolewe. Makala hii inashikilia kwamba kiini chake kilikuwa swali la umiliki: nani ana haki ya kuwahukumu viongozi wa klabu ambayo maelfu ya watu huiita yao, ingawa sheria inawatambua wachache tu kati yao kuwa wanachama?

Mizizi ya swali hilo ni ya zamani kuliko klabu yenyewe. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, vijana wa Nyanza walianza kwenda kwa wingi kufanya kazi Nairobi, Mombasa na Kampala, na huko mijini wakaunda vyama vya ustawi, yaani jumuiya za watu wa asili moja zilizochanga fedha za kusafirisha maiti, kulipia karo na kuwapokea wageni waliotoka nyumbani. Kilichokua kuliko vyote kati ya Wajaluo kilikuwa Luo Union, ambacho matawi yake yalienea Afrika Mashariki nzima. Soka nayo iliingia kupitia shule za misheni, hasa Maseno, iliyofunguliwa mwaka 1906, ambako mwalimu mkuu Carey Francis, aliyeiongoza shule hiyo kuanzia 1928 hadi 1940, aliufanya mpira wa miguu kuwa sehemu ya malezi sawa na hesabu na sala. Vijana waliotoka shuleni na ujuzi wa mpira walipofika mijini wakivikuta vyama vya ustawi tayari vimejipanga, timu za vyama hivyo zilizaliwa bila shida.

Bondo ilikuwa na nafasi ya pekee katika historia hiyo kwa sababu ya mzaliwa wake, Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma na kufundisha Maseno kabla ya kuanzisha, mwaka 1947, kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, ambayo iliwauzia watu wa kawaida hisa ndogondogo ili wajenge biashara yao wenyewe. Katika miaka hiyohiyo Achieng' Oneko, mtu wa Uyoma iliyo jirani na Bondo, alikuwa akichapisha Ramogi, gazeti la Kidholuo. Mambo hayo mawili, kampuni yenye wenyehisa na gazeti la lugha ya nyumbani, yanastahili kutazamwa pamoja, kwa kuwa yaliwazoesha watu wa eneo hili, miaka ishirini kabla ya Gor Mahia, kwamba aliyetoa senti yake ana haki ya kuuliza ilikwenda wapi, na kwamba jibu linaweza kuandikwa na kusomwa hadharani kwa lugha anayoielewa kila mtu. Odinga alipokuwa Ker, cheo cha mkuu wa Luo Union, katika miaka ya 1950, alikipa chama hicho desturi hiyohiyo ya mikutano, michango na hesabu. Ukumbi wa Ofafa Memorial mjini Kisumu, uliopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mtu wa Luo Union aliyeuawa mwaka 1953, ni matokeo ya michango ya namna hiyo.

Timu ya Luo Union ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964, katika msimu wa pili wa ligi ya taifa. Miaka minne baadaye iliungana na Luo Stars, na klabu mpya ikapewa jina la Gor Mahia wuod Ogada, mganga na kiongozi wa Kanyamwa, katika Ndhiwa ya leo, ambaye sifa zake za maajabu zilijulikana kote ziwani. Ilishinda ligi katika msimu wake wa kwanza. Muungano huo haukuizika Luo Union moja kwa moja, kwani timu ya jina hilo ilirudi uwanjani, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 1975, na ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, mwaka 1976 na 1977. Katika muongo wa 1970, kwa hiyo, shabiki wa Bondo alikuwa na timu mbili kubwa za nyumbani, na ubishi wa kwanza kuhusu wachezaji ulikuwa ubishi wa ndugu: nani acheze wapi, na nani kamshawishi nani ahame.

Siasa ndiyo iliyobadilisha uzito wa maneno. Odinga alijitenga na serikali mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU. Tom Mboya, waziri na mwanasiasa mashuhuri wa Kijaluo, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mpya mjini Kisumu, maneno makali yalirushwa, risasi zikafyatuliwa kwa umati na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Baada ya mwaka huo, uwanja wa mpira ulibaki kuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo watu wa Nyanza wangeweza kukusanyika kwa maelfu, kuimba kwa lugha yao na kushangilia ushindi bila kuhitaji kibali cha mkutano wa siasa. Mtu asiyelikumbuka hili hawezi kuelewa kwa nini aya tatu za mwandishi wa michezo kuhusu mweka hazina wa klabu zilisomwa Bondo kana kwamba ni tangazo la serikali. Magazeti makubwa yalikuwa ya Nairobi, moja likiwa la kampuni ya Aga Khan na lingine likimilikiwa na kampuni ya Lonrho tangu 1967, na kwa msomaji wa kando ya ziwa mwandishi alikuwa mtu wa mbali aliyekuwa na kalamu wakati yeye hana.

Jinsi habari zilivyofika ni jambo linalohitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndilo lililounda namna ya kubishana. Redio ilitangulia. Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali, ilitangaza mechi kubwa kwa Kiswahili, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela ilijulikana hata kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Nairobi. Katika fuo za Usenge na Uhanya wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta samaki hao wadogo kwa mwanga wa taa za karabai, hulala asubuhi, na mchana hukaa kivulini wakishona nyavu zilizochanika huku akina mama wakigeuza omena walioanikwa juani. Mechi ya alasiri iliwakuta basi mikono ikiwa kazini na masikio yakiwa huru. Redio moja ya betri ilitosheleza kikundi kizima, na kila msikilizaji alijichorea uwanja wake kichwani, akawapanga wachezaji, Allan Thigo hapa na William Ouma, aliyeitwa Chege, pale.

Gazeti lilikuja siku ya pili. Lilichapishwa Nairobi usiku, likasafirishwa hadi Kisumu, kisha likapakiwa kwenye matatu za Bondo pamoja na mikate na abiria, na lilipofika jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nakala zilikuwa chache na bei haikuwa ndogo kwa mtu wa kipato cha kawaida, kwa hiyo nakala moja ilisomwa na watu wengi, aghalabu na mwalimu au karani aliyeisoma kwa Kiingereza au Kiswahili na kuwafasiria wenzake kwa Kidholuo, akianzia ukurasa wa nyuma. Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Wasikilizaji walikuwa na mechi waliyoichora wenyewe kutokana na redio, na sasa mwandishi anawaambia kwamba beki wao alizembea, au kwamba kocha alipanga kikosi vibaya, au kwamba afisi ya klabu haikuwalipa wachezaji marupurupu yao kabla ya mechi. Hakuna aliyekuwapo uwanjani wa kuamua. Ubishi uliofuata ulihusu ushahidi: nani aliona, nani alisikia kwa mwenzake, mwandishi ni mtu wa wapi, alikaa jukwaa gani, na nani alimpa habari za mkutano wa kamati uliofanyika milango ikiwa imefungwa. Wajaluo wana sanaa ya kale iitwayo pakruok, ambayo ni kujisifu na kusifu watu wako mbele ya hadhira kwa majina ya fahari, na sanaa hiyo ilihamia kwenye ubishi wa mpira, hivi kwamba anayeitetea klabu alianza kwa kuisifu kabla ya kujibu hoja. Msikilizaji mgeni angeweza kudhani kwamba sifa zile zilikuwa jibu lenyewe. Hazikuwa hivyo, kwani mara nyingi mtu yuleyule aliyemwita mwandishi adui alikuwa wa kwanza kusema, gazeti lilipokunjwa, kwamba mwenyekiti aondoke.

Katika zama hizo uhamisho wa mchezaji haukuwa biashara ya fedha kama ujulikanavyo leo. Soka ya Kenya ilikuwa ya ridhaa, maana yake mchezaji hakuwa na mkataba wa mshahara na klabu, na kilichomhamisha kilikuwa kazi. Timu za makampuni na mashirika ya umma zilikuwa na nguvu ambayo klabu ya jamii haikuwa nayo, kwa sababu zilimpa kijana ajira ya kudumu, na Kenya Breweries, iliyokuja kuitwa Tusker baadaye, ilitwaa ubingwa mwaka 1972, 1977 na 1978 katika mazingira hayo. Klabu kama Gor Mahia ilitegemea ushawishi wa viongozi wake, ambao walimtafutia mchezaji nafasi katika afisi ya mtu anayewajua. Kwa hiyo mchezaji mzuri alipohama, lawama haikuwa kwamba ameuzwa kwa bei ya chini, ilikuwa kwamba viongozi wameshindwa kumtafutia kazi, na lawama hiyo iligusa heshima ya wakubwa wa jamii nzima waliokuwa serikalini na katika biashara. Magazeti yaliandika majina ya wanaohama. Sababu zilizoandikwa zilikuwa chache kuliko zile zilizosemwa Bondo.

Uwanjani, hata hivyo, matunda yalikuwepo. Mwaka 1976 Gor Mahia ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kufungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun mabao 2 kwa 0 Nairobi na 6 kwa 0 ugenini, kichapo kilichoacha kidonda cha muda mrefu. Kisha ikaja amri ya mwaka 1980, pale Rais Daniel arap Moi alipoagiza vyama vya kikabila vivunjwe, Luo Union kikiwa kimojawapo. Timu ya Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya, mahasimu wa jadi ambao mechi yao na Gor Mahia huitwa ya mashemeji kwa sababu ya ndoa nyingi kati ya jamii hizo mbili, wakawa AFC Leopards, AFC ikiwa kifupi cha All Footballers Confederation. Na Gor Mahia ikasajiliwa kwa jina la Gulf Olympic Rangers, ambalo herufi zake za mwanzo zilihifadhi neno Gor. Jina la zamani lilirudi baadaye, lakini funzo lilikaa. Mtu wa Bondo alikuwa ameona kwamba klabu inaweza kuguswa na dola kwa kosa la kuwa na asili, na tangu hapo mwandishi yeyote aliyeuliza kama klabu ya jamii inafaa katika ligi ya kisasa alionekana kuchangia kuni kwenye moto uliowashwa Ikulu. Wasiwasi huo ulikuwa na msingi, hata pale ambapo mwandishi alikuwa na nia njema.

Mwaka 1987 ndio kilele. Chini ya kocha Mwingereza Jack Johnson, nahodha Austin Oduor na wenzake, pamoja na mfungaji Peter Dawo, walitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1 kwa 1 katika uwanja wa Kasarani uliokuwa umefunguliwa mwaka huohuo, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Wanahabari waliusifu ushindi huo kwa moyo mmoja, na ni haki kusema kwamba bila wao usingebaki katika kumbukumbu kama ulivyobaki; waandishi kama Roy Gachuhi wamefanya kazi kubwa ya kuwarudishia Wakenya wachezaji wa miaka hiyo, majina yao ya utani na mienendo yao uwanjani. Lakini ushindi huohuo uliweka kipimo ambacho uongozi wa baadaye ulihukumiwa nacho kila mwaka, na ubingwa wa 1990, 1991, 1993 na 1995 haukutosha kukishusha. Baada ya 1995 klabu ilikaa miaka 18 bila taji la ligi.

Miaka hiyo 18 ndiyo iliyozaa hoja kali kuliko zote, kwa sababu hapakuwa na kombe la kufunika maswali. Soka ya Kenya yenyewe ilikuwa imevurugika, shirikisho likigombaniwa na nchi ikifungiwa na FIFA, hivyo haikuwa rahisi kutenga kosa la klabu na kosa la mazingira. Vituo vya redio vya Kidholuo, Ramogi FM kikiwa mashuhuri zaidi, vilileta jambo ambalo gazeti halikuwahi kulitoa: msikilizaji wa Bondo aliweza kupiga simu na kusikika hadi Nairobi kwa lugha yake, akimjibu mwandishi na mwenyekiti kwa pumzi moja. Televisheni ilifuata, pale SuperSport ya Afrika Kusini ilipoanza kurusha mechi za Ligi Kuu ya Kenya, na katika mabanda ya video, ambako vijana hulipa kiingilio kidogo kutazama ligi ya Uingereza, K'Ogalo ikaonekana kwa macho. Ushahidi wa kuona ukawa wa wote, na mwandishi akapoteza ile nafasi ya kuwa shahidi pekee. Kuanzia hapo ubishi ulihama kutoka kwenye kilichotokea uwanjani na kuelekea kwenye kile ambacho kamera haiwezi kukionyesha, yaani mikataba na fedha.

Kuna jambo moja ambalo katika hilo wanahabari waliwakosea mashabiki, na linapaswa kusemwa waziwazi. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa kwa kukanyagana langoni mwa Uwanja wa Nyayo, Nairobi, kabla ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Vurugu za mashabiki zilikuwapo, ikiwemo ile ya Machi 2012 katika uwanja huohuo ambapo mechi ya mashemeji ilisimamishwa baada ya kadi nyekundu, na hazina utetezi. Lakini katika habari nyingi neno fujo lilizoeleka kuandamana na jina la klabu hata pale ambapo waliokufa walikuwa watu walionunua tiketi na kubanwa kwenye mlango mwembamba, na maswali kuhusu malango, idadi ya tiketi na wajibu wa wasimamizi wa uwanja yaliulizwa kwa sauti ndogo mno. Familia iliyompoteza mtu wake haikuwa na sababu ya kumwamini mwandishi yuleyule wiki iliyofuata alipoandika kuhusu hesabu za klabu, hata kama hesabu zile alizisoma sawasawa.

Taji lilirejea mwaka 2013, baada ya lile la 2012 kuponyoka siku ya mwisho ya msimu na kwenda kwa Tusker, na kipindi kilichofuata kilikuwa cha neema: ubingwa wa 2014, kisha wa 2015 bila kupoteza mechi chini ya kocha Mskoti Frank Nuttall, kisha mataji ya 2017, 2018, 2018/19 na 2019/20. Baadhi ya mechi za nyumbani zililetwa Uwanja wa Moi, Kisumu, na hatimaye mkazi wa Bondo aliweza kwenda kuiona timu yake na kulala nyumbani. Kipindi hichohicho ndicho kilichokuwa cha uhamisho wa kweli. Michael Olunga, mshambulizi wa kikosi cha 2015, alikwenda Djurgården ya Uswidi mwaka uliofuata. Dan Serunkuma wa Uganda alikuwa ametangulia kwenda Simba ya Tanzania. Meddie Kagere akafuata njia hiyo mwaka 2018 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Francis Kahata naye akaenda Simba mwaka 2019, mwaka ambao Jacques Tuyisenge wa Rwanda alijiunga na Petro de Luanda ya Angola.

Hapa lazima taratibu za uhamisho zieleweke, kwa kuwa ubishi mwingi ulitokana na kutoeleweka kwake. Kabla ya Desemba 1995, klabu za Ulaya ziliweza kudai ada hata kwa mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Mahakama ya Ulaya ilipompa ushindi mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, ilikubalika kwamba mkataba ukiisha mchezaji ni huru kuondoka bila klabu yake kupata chochote, na kanuni hiyo ikaenea duniani. Ada hulipwa tu iwapo mkataba bado una muda. Kando ya ada, FIFA huagiza asilimia 5 ya thamani ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23, mradi klabu hizo ziweze kuonyesha kumbukumbu zake za usajili. Inafuata kwamba fedha za klabu hutegemea kazi ya afisi iliyofanywa miezi mingi kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa: kuongeza mkataba mapema, kulipa mishahara ili mchezaji asipate sababu ya kuuvunja, na kuhifadhi karatasi. Mwanahabari aliyeuliza ni kiasi gani kililipwa kwa mchezaji fulani, na mkataba wake ulikuwa umebakiza muda gani, aliuliza swali sahihi kabisa, na lilikuwa ndilo swali lililoulizwa Bondo.

Kilichowatenganisha wawili hao ni namna ya kuuliza. Gazeti liliandika kwamba klabu inauza nyota wake badala ya kujenga timu, na pengine likaongeza kwamba klabu yenye asili ya kabila haiwezi kuendeshwa kitaalamu. Shabiki alijibu kwa kuhesabu: Mganda, Mnyarwanda, kocha kutoka Kroatia, makocha wawili kutoka Skoti, ni kabila gani hilo? Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilivunja hoja ya ukabila, lakini liliiacha ile hoja nyingine ya fedha ikiwa nzima bila kuguswa. Hivyo ndivyo ukosoaji uliochanganya haki na dhuluma ulivyowasaidia viongozi bila kukusudia, kwani mashabiki walipotumia nguvu zao kujibu dhuluma, haki ilipita bila kusimamiwa.

Gharama yake ilionekana baada ya mwaka 2019. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa mdhamini mkuu na iliyoiwezesha klabu kucheza na Everton Dar es Salaam mwaka 2017 na Goodison Park mwaka 2018, ilijiondoa kutokana na mgogoro wake wa kodi na serikali. Janga la korona likakatiza msimu wa 2019/20. Madai ya wachezaji na makocha wa zamani ambao hawakulipwa yalifikishwa FIFA, nayo FIFA ikaizuia klabu kusajili wachezaji wapya hadi madeni yalipwe. Mashabiki walichanga kwa M-Pesa ili timu isafiri na wachezaji wapate chochote, kama babu zao walivyochangia karo na mazishi, na ni jambo la kusifiwa kwamba klabu ilisimama tena na kutwaa ubingwa wa 2022/23 na 2023/24, ikafikisha mataji 21 ya ligi, mengi kuliko klabu yoyote ya Kenya.

Mchango wa M-Pesa, hata hivyo, haumpi mtu kura. Gor Mahia ni klabu ya wanachama, na kwa katiba yake pamoja na Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, iliyoviweka vyama vya michezo chini ya Msajili wa Michezo, anayeruhusiwa kumchagua mwenyekiti, kupokea taarifa ya mweka hazina na kuikataa ni mwanachama aliyelipa ada yake na kuingizwa kwenye daftari. Anayeimba uwanjani, anayepiga simu redioni na anayetuma shilingi zake usiku wa kuamkia safari ni shabiki tu machoni pa sheria. Wenyehisa wa Luo Thrift and Trading Corporation walikuwa na karatasi mkononi walipouliza maswali. Mjukuu wa mwenyehisa huyo amekuwa akiuliza maswali yaleyale kwa sauti kubwa zaidi bila karatasi yoyote, na ndiyo sababu kilio chake kimeishia kwa mwandishi wa gazeti, ambaye hana mamlaka ya kumwajibisha mtu.

Wanahabari wa michezo wana deni lao pia. Kwa zaidi ya nusu karne wameandika kuhusu mashabiki wa Gor Mahia kama umati wa Nyayo na Kasarani, na ni mara chache wamefika Bondo, Usenge au Lwanda Kotieno kuwauliza wanaochanga wanataka nini, au kuwaeleza kwa Kiswahili na Kidholuo kanuni za mikataba ambazo wao wenyewe wanazijua. Taarifa ya fedha za uhamisho iliyoandikwa kwa lugha hizo ingefanya kazi kubwa kuliko makala kumi za kulalamikia uongozi.

Mashabiki wa Bondo, kwa upande wao, wamekuwa sahihi kudai kwamba klabu ni yao, na njia ya kulithibitisha dai hilo iko wazi na ni halali. Wachukue kadi za uanachama, wafike kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na mwenyekiti yeyote atakayesimama mbele yao waulize, kwa kila mchezaji aliyeondoka, mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi mingapi na fedha zake ziliingia akaunti gani.